Miaka 60 ya mama wa Ngamiani: vituo sita vikawa vinne

Mwenye kisa ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Ni mjane, ana presha na kisukari cha vidonge, na goti la kushoto limeanza kumlalamikia. Tarehe 3 Oktoba 2026 anatimiza miaka 60. Kwa mtumishi wa umma tarehe hiyo hubeba mawili: ni siku ya kuzaliwa, na ni siku ya kustaafu kwa lazima. Hili la pili familia ililiona ni la pembeni, kumbe ndilo lililokuja kusumbua kuliko hata tiketi.

Watoto ni wanne. Mmoja yuko Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, ana mke na mtoto wa miaka miwili. Mwingine yuko Muscat, karibu na mjomba wake. Wawili wako Tanga, na mmoja wao, binti, ndiye atakayefuatana na mama. Zawadi waliyokubaliana ni safari, na ratiba ya kwanza iliandikwa kwenye kundi la WhatsApp la familia kwa usiku mmoja: Muscat usiku 4, Makka 4, Istanbul 3, Paris 5, Kiel 4, Copenhagen 3. Jumla vituo sita, usiku 23. Watu wa Tanga wana msemo wa kumtania mgeni, waja leo waondoka leo. Ratiba ile ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa mgeni mwenyewe ni mtu wa miaka 60 anayepandishwa ndege kila baada ya siku tatu hadi tano.

Kabla ya kupanga chochote ilibidi mama aulizwe. Swali hilo huonekana dogo, lakini zawadi za aina hii mara nyingi hupangwa kwa siri, na siri hiyo hugharimu. Kijana mkubwa alijaribu kuitetea Paris: "Mama, shikamoo. Paris ipo njiani tu, tunaishukia tu." Jibu likawa: "Marahaba mwanangu. Njiani ya wapi? Mie nataka umra, nataka nimpakate mjukuu wangu, na kaka yangu wa Muscat nimwone tungali hai wote wawili. Hiyo Paris nendeni nyie."

Kwa maneno hayo Istanbul, Paris na Copenhagen zikafutika. Zilikuwa hamu za watoto. Vilivyobaki ni Kiel, Muscat, Madina na Makka, na muda ukaongezwa hadi mwezi mzima. Madina imeongezwa kwa sababu ya mpangilio wa umra wenyewe, kama itakavyoelezwa chini.

Usiku tano za Paris zilikuwa na madhara gani

Ratiba ya kwanza ilikuwa na tatizo lisiloonekana kwenye ramani. Viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwenye ubalozi wa nchi ambayo ni kituo kikuu cha safari, kwa urefu wa kukaa au kwa kusudi la safari. Muda ukilingana, huangaliwa nchi ya kuingilia kwanza. Mtoto wa Kiel alikuwa ameshaanza kuandaa udhamini wa Kijerumani, ilhali ratiba ilionyesha usiku 5 Ufaransa na 4 Ujerumani. Angetetea kwamba kusudi kuu ni kumtembelea mtoto, na kanuni inaruhusu hoja hiyo, lakini mbona uende dirishani ukiwa na jambo la kutetea? Faili zuri ni lile ambalo afisa akilifungua halimpi swali. Sasa usiku zote 15 za Ulaya ziko Kiel, na ubalozi ni mmoja bila ubishi.

Tahadhari hii ina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kupinga kwa barua uamuzi wa kunyimwa viza. Aliyenyimwa hubaki na njia mbili: kuomba upya kwa ada mpya, au kwenda mahakamani Berlin. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi.

Herufi moja ya u

Mama hakuwa na pasipoti. Alikuwa na ile ya zamani aliyovukia Horohoro kwenda Mombasa, ambayo haitumiki tena tangu zilipoingia za kielektroniki. Maombi hujazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, Sh 150,000 kwa pasipoti ya kawaida ya miaka 10, kisha fomu huchapwa na kupelekwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na vielelezo, na alama za vidole huchukuliwa hapo.

Kilichokwama ni jina la baba. Kitambulisho cha NIDA kimeandika Salim, cheti cha kuzaliwa kimeandika Salimu. Pwani hii hakuna asiyejua kuwa ni mtu yule yule, mwandishi mmoja kafuata Kiarabu na mwingine kafuata ulimi wa Kiswahili. Mfumo haujui hivyo. Njia zipo mbili. Ya haraka ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu inayothibitisha kuwa majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ya kudumu ni kusahihisha hati yenyewe, NIDA au RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, ili kiapo kisihitajike tena huko mbele. Kwa safari hii inafaa kushika ya kudumu, maana jina litakalokaa kwenye pasipoti ndilo litakalonakiliwa kwenye viza tatu, tiketi, bima na maombi ya umra. Kiapo kinaeleweka Tanga. Kwenye kaunta ya ndege Hamburg ni karatasi tu.

Na tarehe ya kuzaliwa iangaliwe sambamba. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ndizo mwaka, mwezi na siku. Kwa mama huyu ni lazima zisomeke 19661003. Wapo watumishi ambao jalada la ajira lina tarehe moja na NIDA ina nyingine, na hawagundui mpaka mwaka wa kustaafu. Kwake zimelingana, alhamdulillahi.

Masharti ya uhai wa pasipoti hayalingani. Schengen wanataka iwe hai angalau miezi 3 baada ya kutoka kwao, imetolewa ndani ya miaka 10, na ina kurasa mbili tupu. Kwa Oman na Saudia hesabu miezi 6. Pasipoti mpya inatosheleza yote, ila binti anayefuatana naye ana ya mwaka 2018 wakati hizi zinaanza. Ya miaka 10 bado inapita. Kilichompata yeye ni kurasa: mihuri ya Namanga na Horohoro imezijaza karibu zote.

Anaondoka mtumishi, anarudi mstaafu

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Safari ni tarehe 19 Septemba, kwa hiyo dirisha limefunguka tarehe 19 Machi, na miadi iliyolengwa ni mwanzoni mwa Juni. Siku ya miadi mama ni mwajiriwa. Siku ya kurudi Tanga, Oktoba 19, si mwajiriwa tena.

Barua ya kwanza ya ruhusa iliandikwa kwa mazoea: mtajwa atakuwa likizo kuanzia tarehe 18 Septemba, "na atarejea kazini tarehe 20 Oktoba". Mtu huyo hana kazi ya kurejea tarehe 20 Oktoba. Afisa wa viza akisoma tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti, akaijua sheria ya kustaafu ya Tanzania (nao huijua, ndiyo kazi yao), ataona barua inasema jambo lisilowezekana. Hatawaza kuwa karani alinakili barua ya mwaka jana. Atawaza kuwa imeghushiwa.

Barua sahihi inasema mambo manne kwa uwazi: ni mwalimu wa ajira ya kudumu, analipwa mshahara huu, ana likizo na ruhusa ya kutoka nje ya nchi kuanzia tarehe 18 Septemba hadi 2 Oktoba, tarehe 3 Oktoba anastaafu kwa mujibu wa sheria na hatarejea kituoni. Inaambatana na taarifa ya michango yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inayoonyesha kuwa ni mwanachama mwenye haki ya pensheni ya kila mwezi. Pensheni ni hoja nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Swali la ubalozi kwa mjane mwenye mtoto Ulaya ni moja tu: atarudi? Mtu ambaye pensheni yake inalipwa Tanzania, ana nyumba yake Ngamiani yenye hati kwa jina lake, na ana wajukuu wengine nyumbani, ana kwa kurudi. Nakala za hati ya nyumba na vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu wa Tanga ziingie kwenye faili.

Fomu za mafao zote zijazwe, zisainiwe na kupokelewa kabla ya Septemba. Atakuwa Kiel siku yake ya kustaafu, na hakuna atakayemsainia. Na fedha ya mkupuo isiingizwe kwenye bajeti ya safari hata shilingi, kwa sababu haitakuwa imeingia.

Gharama za Ujerumani zinabebwa na mwenyeji. Mtoto wa Kiel anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na mikataba ya kazi na nyumba, anasaini hati inayoitwa Verpflichtungserklärung kwa euro 29, na kwa hati hiyo anajifunga kisheria kulipa matunzo ya mgeni wake hata akiugua. Ubalozi hutaka hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi 6, na ofisi hizo zina foleni, basi miadi ya Aprili iombwe Februari. Nakala halisi husafirishwa Tanzania, picha ya simu haikubaliki. Anaweza kuwadhamini mama na dada yake wote wawili kama kipato chake kinatosha.

Kwa kuwa kuna udhamini, hakuna haja ya kuipamba akaunti ya mama. Ndugu walikuwa wametaka kila mmoja amtumie milioni moja moja wiki ya kabla ya miadi ili taarifa ya benki inenepe. Wakatazwe. Akaunti ya mwalimu ambayo kwa miezi mitano hupokea mshahara na kutoa ada, kisha ghafla inamwagiwa milioni nne, inasomeka vibaya kuliko akaunti nyembamba ya kweli.

Mpangilio: baridi kwanza, Zamzam mwisho

Baada ya vituo kuwa vinne, swali likawa kipi kitangulie. Ratiba ya kwanza iliweka Makka mapema "ili tuanze na baraka". Nia njema, mpangilio mbaya. Ulaya ya mwisho wa Septemba ina nyuzi kumi na kitu za joto, ya mwisho wa Oktoba ni baridi zaidi na giza huwahi. Makka ya Septemba ni moto mkali, na katikati ya Oktoba afadhali kidogo. Kiel ikitangulia, kila mji unapata wiki yake nzuri. Kisha kuna maji ya Zamzam: boksi rasmi la lita 5 huchukuliwa uwanjani wakati wa kuondoka Saudia. Ukitoka Saudia kwenda Ujerumani utalizungusha boksi hilo nusu ya dunia. Likija mwisho linatoka Jeddah hadi Dar moja kwa moja.

Ratiba iliyokubaliwa ni hii. Ijumaa tarehe 18 Septemba basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange, kulala Dar. Jumamosi tarehe 19 ndege, kufika Hamburg tarehe 20, na basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi Kiel. Kuondoka Ujerumani tarehe 5 Oktoba, kufika Muscat tarehe 6. Tarehe 10 Muscat hadi Madina, usiku 3. Tarehe 13 Makka, usiku 4. Tarehe 17 Jeddah na ndege ya Dar, tarehe 18 mapumziko, tarehe 19 Tanga.

Kulala Dar si anasa. Basi la Tanga ni saa tano hadi sita, linashusha Mbezi Luis, na kutoka Mbezi hadi uwanja wa ndege foleni ikiamua hukusemesha peke yako. Asafirie mwili uliopumzika.

Ujerumani mama amehesabiwa siku 16, kuanzia 20 Septemba hadi 5 Oktoba, maana siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kwenye stika ya viza kuna tarehe za mwanzo na mwisho na kuna idadi ya siku, na ni vitu viwili tofauti: tarehe zinaweza kuwa na nafasi ya mwezi mzima huku siku za kukaa zikiwa 16 tu. Ndege ya kurudi ikiahirishwa kwa siku moja tayari umezidisha. Ombeni 20 kwenye fomu. Na tangu Aprili 2026 mipaka ya Schengen inatumia mfumo mpya wa kuandikisha wageni kwa picha ya uso, muhuri haugongwi tena, na siku zinahesabiwa na kompyuta isiyosahau.

Tiketi iwe moja yenye miguu mingi: Dar–Hamburg, Hamburg–Muscat, Muscat–Madina, Jeddah–Dar. Ikishindikana, mguu wa Muscat–Madina ndio pekee unaoweza kukatwa peke yake bila hatari, kwa kuwa una usiku nne nyuma yake. Kosa la kuogopa ni tiketi mbili tofauti ndani ya siku moja: ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa na hakuna wa kukulipa, tena mizigo utatakiwa kuitoa na kuiingiza upya katika nchi ambayo huna viza yake. Kwa ajili ya ubalozi inatosha buking isiyolipiwa. Lipeni viza ikishatoka.

Wakala akikutajia bei kwa dola, mwambie akutajie kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na kwenye ubadilishaji wa mezani ndiko bei nyingi hunenepea.

Viza mbili zinazosubiri

Pasipoti ikiwa ubalozini haiko mkononi, lakini Oman na umra ni viza za mtandaoni zinazohitaji picha safi ya ukurasa wa kwanza tu. Piga skani kabla ya kuikabidhi. Hata hivyo msiziharakishe. Muda wa kuitumia viza ya umra huanza kuhesabiwa siku ilipotolewa, si siku utakayosafiri. Kwa mtu anayeingia Madina tarehe 10 Oktoba baada ya kukaa Ulaya na Oman, wakala aiombe katikati ya Septemba. Ikitoka Julai kwa sifa ya "tumeshamaliza", itakufa kabla mama hajafika Saudia. Na hoteli za Makka na Madina ziwe zilizoandikishwa kwenye mfumo wa Saudia wenyewe, si chumba cha kuahidiwa kwa simu.

Kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, kunahitaji nafasi iliyowekwa kupitia programu ya Nusuk, na nafasi za wanawake huisha upesi. Binti aisakinishe nyumbani, aifungue kwa namba ya viza mara itakapotoka, aangalie kila siku. Suala la mahramu, ndugu wa kiume wa kufuatana na mwanamke, halizuii tena: wanawake wanaruhusiwa kuja umra bila yeye.

Chanjo zina tarehe zake

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne ni lazima kwa umra, na iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Akichomwa Agosti amemaliza. Ulizieni mapema ofisi ya afya bandarini Tanga, kama haipo itafuatwa Dar.

Homa ya manjano ina jambo ambalo madirishani halisemwi sana. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa kijana. Mama ana 59 na hajawahi kuchanjwa. Aonane na daktari kwanza akiwa na orodha ya dawa zake, asikimbilie kadi ya njano kama anakimbilia stika ya gari. Njia ya ndege nayo ina sauti: kukaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, kama Kenya au Ethiopia, kunaweza kuifanya kadi iwe ya lazima kule mbele. Chaguo la kuunganisha ndege kwa saa chache humpunguzia mzigo. Akichanjwa, kadi huanza kufanya kazi baada ya siku 10 na sasa ni ya maisha.

Dawa za presha na sukari zibebwe za siku 45 kwa safari ya siku 32, zote kwenye begi la mkononi, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina halisi ya dawa. Goti likimuuma asitiwe tramadol mkobani na jirani mwema: nchi za Ghuba zinaidhibiti kama dawa ya kulevya. Saa za kumeza hazitabadilika sana. Kiel iko nyuma ya Tanga kwa saa moja hadi tarehe 25 Oktoba, Muscat iko mbele kwa saa moja, Saudia ni sawa na nyumbani.

Wakati wa kukata tiketi aombewe kiti cha magurudumu cha uwanjani, alama yake ni WCHR, ya mtu anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu. Hakilipiwi. Mama alikataa, akasema yeye si kilema. Basi aambiwe ukweli: kiti kile huja na mtu anayejua mlango ulipo, na foleni ya Uhamiaji humpisha.

Keki ya tarehe 3, na embe la Muheza

Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa Ujerumani, siku ya muungano wao. Mwaka 2026 inaangukia Jumamosi, na kesho yake ni Jumapili ambayo maduka hufungwa kisheria. Siku mbili mfululizo hakuna duka. Kila kitu cha sherehe kinunuliwe Ijumaa tarehe 2, na si saa za jioni, maana mji mzima utakuwa dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Kutoka Tanga mama alishapanga kapu: maembe, machungwa ya Muheza, samli, nyama iliyokaushwa, nazi, dagaa. Nusu yake itaishia kwenye pipa la forodha. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, samli ikiwemo. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20. Kwa hiyo nazi na dagaa vinapita, embe na chungwa vinabaki, iliki na karafuu hazina neno. Pilau ya kuku na mchuzi wa nazi itapikika Kiel bila taabu.

Kwa usafiri wa huko wasimkatie mama tiketi ya mwezi ya euro 63. Huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, na yeye ana siku 11 za Septemba na 5 za Oktoba, atalipa mara mbili. Tiketi za siku za jimbo zinatosha. Siku moja apelekwe Eckernförde, mji mdogo wa pwani, kama kilomita 30 kutoka Kiel. Umekuwa mji dada wa Tanga tangu 1963, na kwa mwalimu wa Tanga hiyo ina ladha kuliko mnara wa Paris.

Madina kabla ya Makka

Anayeruka moja kwa moja hadi Jeddah huvuka miqati, mpaka wa kutilia nia ya umra na ihramu, akiwa angani, na ni lazima ahirimie ndani ya ndege. Kwa mtu wa umri huu, aliyetoka Muscat, hiyo ni taharuki isiyo na sababu. Akianzia Madina analala usiku tatu, anazuru, anapumzisha goti, kisha anahirimia Dhul-Hulayfa, Abyar Ali, kilomita chache nje ya mji. Treni ya Haramain ni ya kasi, hadi kilomita 300 kwa saa, na hufika Makka kwa saa mbili na kitu, lakini haisimami miqatini. Kwa mara ya kwanza gari dogo ni bora: linasimama Abyar Ali, anaoga, anasali, anatia nia kwa utulivu.

Sai peke yake ni kilomita tatu hivi, na tawafu mizunguko saba juu yake. Wasifanye umra usiku ule wa kufika. Kuna viti vya kusukumwa na vigari vya umeme ndani ya Haram kwa malipo, basi goti liulizwe kabla ya kuanza, si kwenye mzunguko wa tano. Ndala za msikitini ziwe zimevaliwa Tanga mwezi mzima. Malengelenge yamewazuia watu wengi kuliko homa.

Binti akinyimwa

Kila mwombaji hupimwa peke yake. Mama ana ajira, pensheni na nyumba. Binti ana miaka 27, anauza nguo za mitumba Makorora, hajaolewa. Yeye ndiye wa kuhofia. Apeleke leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, na mzunguko wa miezi sita wa simu yake ya biashara kama ulivyo. Akinyimwa, uamuzi umeshafanywa mezani kabla hasira haijaingia: mama anakwenda Kiel peke yake na kiti chake cha WCHR, mtoto wake anampokea Hamburg, na binti anaungana naye Muscat tarehe 6 Oktoba kwa tiketi yake. Ndiyo maana tiketi zao ni buking mbili tofauti, hata kama viti ni jirani.

Bima inunuliwe ya siku zote 32 na ya dunia nzima, si ya Schengen tu. Kwa ubalozi kiwango cha chini ni euro 30,000 pamoja na kurudisha mgonjwa au maiti, na kisukari na presha vitajwe kwenye fomu. Bima iliyofichwa ugonjwa ni risiti tu. Akiba ya asilimia 15 ya bajeti nzima ikae kwa mtu mmoja, na mtu huyo asiwe yule aliyependekeza Paris.

Tarehe 18 Oktoba wakiwa Dar, maboksi mawili ya Zamzam yafungwe tena kwa mkanda kabla ya safari ya Tanga. Yakae miguuni, si kwenye buti la basi chini ya magunia ya watu.